Kwa shemeji Chanika, au nyumba ya kulipia Kigamboni?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nimeajiriwa, mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Kila Desemba tunakwenda Kongwa kwa mama mkwe, tunakula sikukuu, tunarudi. Sina ugomvi na Kongwa. Ila mwaka huu nimekuwa nikiweka hisa kwenye kikoba kwa jambo moja tu: kuwapeleka watoto baharini. Mkubwa ana miaka 11, wa pili 7, mdogo 3. Mama mkwe ana miaka 68 na hajawahi kuiona bahari. Mume wangu alipomgusia habari hiyo alifurahi mpaka akaanza kuulizia kitenge cha kushona. Kwa hiyo tuko sita. Kikoba kikivunjwa mwanzoni mwa Desemba nitapata kama 1,600,000.

Tatizo ni pa kulala. Kaka mkubwa wa mume wangu anaishi Chanika, nyumba ya vyumba vitatu, yeye na mkewe na watoto wanne. Ni watu wakarimu, simsemi mtu vibaya. Lakini mara ya mwisho tulipofikia kwake, mimi na watoto tulilala sebuleni kwenye godoro, na sebule ndiyo yenye televisheni, kwa hiyo tulilala pale wenyewe walipochoka kuangalia. Alfajiri niko jikoni na mke wa shemeji, mchana niko jikoni, jioni tunachota maji. Bahari hatukuifikia. Kila siku ilikuwa "kesho". Tena choo chao ni cha kuchuchumaa, na mama mkwe magoti yanamsumbua, siku hizi hata kuinuka kwenye kigoda anashikiliwa. Anatumia pia dawa za presha.

Nimepata nyumba ya kupanga kwa siku Kigamboni, vyumba viwili, jiko na sebule, 90,000 kwa usiku. Tukikaa siku tano ni 450,000. Nilipomweleza mume wangu aliuliza kwa nini tulale kwenye nyumba ya kulipia kama watu wasio na ndugu mjini. Akasema kaka ndiye aliyemsomesha tangu baba yao alipofariki, na akisikia tumepita Dar bila kulala kwake atasema tumeanza kuringa. Nikamjibu kwamba mimi siendi likizo kuosha vyombo vya watu. Hapo nilikosea mdomo, najua. Akasema basi ni heri tusiende kabisa. Tangu siku ile hatulizungumzii.

Mwenye nyumba anataka nusu ya hela sasa hivi, la sivyo atampa mtu mwingine. Naweza kukopa kikobani nikalipa. Je, nilipe halafu nimwambie mume wangu baadaye? Au niache, twende Chanika kama zamani?

Mama Watatu, Dodoma


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Watatu. Nimekusoma mara mbili, na kila nikifika kwenye kile kitenge cha mama mkwe natamani safari hii iwepo, kwa njia yoyote mtakayoichagua.

Nikikuelewa vizuri, umekusanya hela ya kwenda baharini, na sasa safari imekwama kwenye kitanda. Wewe ukisikia "Chanika" unaona godoro la sebuleni na masufuria. Mume wako akisikia "Kigamboni" anaona kaka yake, aliyebeba mzigo wa baba, akipata habari kwamba mdogo wake yuko Dar na hajabisha hodi. Ndiyo maana bei uliyomtajia haikumgusa. Wewe ulikuwa unazungumzia mapumziko, yeye alikuwa anazungumzia deni. Yote mawili ni ya kweli, na sioni kama lazima moja liliuwe lingine.

Kuna mtu mmoja kwenye barua yako ambaye hajaulizwa kitu, naye ni mke wa shemeji. Hesabu na mimi: wao sita, nyinyi sita, watu kumi na wawili kwenye vyumba vitatu na maji ya kuchota, tena mwezi ambao watoto wake nao wako likizo. Unadhani ataumia msipolala kwake. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mkilala mahali pengine atashusha pumzi, na hawezi kulisema hilo mbele ya mumewe. Wewe ndiye unayeweza kumpigia, si mume wako. Usimuulize kama atakasirika, maana atasema hapana. Mwambie hali ilivyo: "Dada, mwaka huu tunakuja sita, na mama magoti hayamruhusu. Tukija wote utaweza kweli, au tugawane?" Kisha sikiliza anachukua muda gani kujibu.

Sasa hela, kwa sababu kulala kwa ndugu hakuna bei ila kuna gharama. Tuchukue makisio ya kawaida, wewe utayarekebisha. Mkifikia Chanika siku tano, mtu mwenye aibu yake hachangii chini ya 40,000 kwa siku kwenye chakula cha watu kumi na wawili: hapo ni 200,000. Zawadi za kutoka huku, lita tano za alizeti, karanga, mlenda mkavu na kitu cha watoto, weka 60,000. Chanika ni mbali na bahari. Mama wa magoti na mtoto wa miaka mitatu hamuwabadilishi daladala mara mbili kila upande kwenye joto la Desemba, kwa hiyo mtakodi gari. Kwenda na kurudi tukadirie 80,000, na mkienda siku mbili ni 160,000. Jumla 420,000. Kigamboni kodi ni 450,000, chakula chenu wenyewe kama 125,000, zawadi zile zile 60,000, na gari la siku moja ya kwenda kuwasalimia Chanika 80,000. Jumla 715,000. Basi tofauti yenyewe ni karibu laki tatu. Si laki nne na nusu kama mume wako anavyoiona, na si kidogo kama wewe unavyotaka iwe.

Ongeza treni. Nauli ya SGR ya daraja la kawaida kati ya Dodoma na Dar iliyotangazwa safari zilipoanza mwaka 2024 ilikuwa 31,000 kwa mtu mzima, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na walio chini ya miaka 4 bure. Watu wazima watatu na watoto wawili ni 124,000, kwenda na kurudi 248,000. Hakikisha bei ya sasa kabla ya kupiga bajeti, maana treni za haraka na madaraja ya juu zina nauli yake. Kwa hesabu hii Kigamboni inakula 963,000, na kwenye 1,600,000 yako inabaki 637,000. Humo mna usafiri wa mjini, vitu vya watoto, dharura, na Januari yenye sare na madaftari. Sikutishi. Nataka uione Januari ukiwa bado Novemba.

Njia ya kwanza, basi, ni Chanika yote. Usiifute haraka. Inaweza kuwa tofauti na mara ile ikiwa mambo yatapangwa kabla ya kuondoka. Hela ya matumizi mpe mke wa shemeji mkononi siku mnayofika, si siku ya kuondoka, maana yeye anaanza kutoa mfukoni kuanzia chakula cha kwanza. Bebeni mashuka yenu na chandarua. Pwani ina mbu kuliko huku kwetu. Mlipe binti wa kusaidia kuosha vyombo na kuchota maji kwa siku hizo, baada ya kukubaliana na mke wa shemeji. Siku za bahari zitajwe kwa majina, Jumanne na Alhamisi, na dereva awe ameshaahidiwa, kwa sababu "kesho" inazaliwa pale ambapo hakuna gari lililoitwa. Kwa choo, kuna viti vya plastiki au chuma vyenye tundu vinavyowekwa juu ya choo cha kuchuchumaa. Kinunuliwe kabla, na baada yenu kitabaki kwa wenyeji. Hatari ya njia hii unaijua: unaweza kurudi umechoka kuliko ulivyokwenda, na safari ijayo ukashindwa hata kuitaja.

Njia ya pili ni Kigamboni yote, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu umekaribia kutuma hela kwa mtu ambaye hujamuona.

Kabla ya kulipa, mpigie kwa video akiwa ndani ya nyumba, siyo atume picha. Picha nzuri huchukuliwa popote. Muombe aanzie getini, aonyeshe njia, aingie, afungue bomba la jikoni na la bafuni. Pwani visima vingi vina maji ya chumvi, kwa hiyo uliza ya kunywa mtapata wapi na dumu ni bei gani. Akuonyeshe choo na idadi ya ngazi kutoka nje mpaka chumba atakacholala mama. "Ghorofa ya kwanza tu" kwa goti bovu ni mlima. Uliza umeme unalipwa na nani. Nyumba nyingi za namna hii bei haihesabu LUKU, na kiyoyozi kikiwashwa usiku kucha kwenye vyumba viwili uniti zinakwisha mkiwa mmelala. Mkifika, kabla ya kufungua mabegi, piga picha namba zilizobaki kwenye mita ili siku ya kuondoka kusiwe na mjadala.

"Dakika tano kutoka baharini" ni dakika za gari au za mguu? Na bahari yenyewe ni ya kuingia bure, au mnapitia kwenye hoteli? Fukwe kadhaa za Kigamboni zinatoza kiingilio, hasa wikiendi na sikukuu, na zinakataza chakula cha kutoka nje. Pilau lako likizuiwa getini, bajeti ya chakula imeshaharibika siku hiyo.

Uliza saa za kuingia na kutoka. Kama mnaruhusiwa kuingia saa nane mchana na treni inawafikisha saa nne asubuhi, mama na mabegi watakaa wapi? Pengine jibu ni kuchagua treni ya mchana. Na malipo: tumia Lipa Namba yenye jina la biashara ukiweza, dai risiti, na muombe aandike kwenye ujumbe tarehe, idadi ya watu, kiasi ulicholipa, na kitakachorudi mkiahirisha. Mtu anayesema "lipa sasa hivi au nampa mwingine" anaweza kuwa mkweli, Desemba nyumba zinagombewa kweli. Lakini haraka hiyo hiyo ndiyo matapeli wanayoitumia. Mwenye nyumba wa kweli mara nyingi anakubali kukushikia nafasi kwa malipo ya usiku mmoja badala ya nusu ya hela yote.

Hatari ya njia hii si nyumba. Ni ile sentensi yako, "nilipe halafu nimwambie baadaye." Ukilipa kwa mkopo wa kikoba bila yeye kujua, hamtazungumzia tena kitanda, mtazungumzia siri. Na shemeji atasikia habari ikiwa imeshakamilika, kama mtu anayearifiwa, si kama kaka mkubwa.

Kuna ya katikati: siku mbili Chanika, tatu Kigamboni. Kodi inashuka hadi 270,000, mchango wa Chanika 80,000, zawadi 60,000, chakula cha Kigamboni 75,000, na gari la kuwahamisha mara moja kama 40,000. Ni 525,000, laki moja na ushee juu ya Chanika yote. Swali linakuwa muanzie wapi. Kuanzia kwa kaka ni heshima, na alizeti inafika kwa mwenyewe. Ila ndugu wakarimu hawaachii wageni kirahisi. "Kaeni mpaka Jumapili" itakuja, na mume wako ndiye atakayekuwa na kazi ya kuikataa. Kuanzia Kigamboni watoto wanakuwa wameshashiba maji, hakuna anayelilia kesho, lakini siku ya kurudi mnatoka Chanika na mizigo kuelekea stesheni katikati ya jiji, na foleni haimjui mwenye treni. Kama ni hivyo chagueni treni inayoondoka mchana, na mfike stesheni angalau saa nzima kabla.

Au mgeuze ugeni. Siku moja familia ya Chanika ije Kigamboni, mpike pilau pale, shemeji akae mbele ya bahari akihudumiwa na mdogo wake aliyemsomesha. Wapo wanaume ambao hilo litawagusa kuliko kulaliwa sebuleni. Wapo pia watakaoona wanaonyeshwa hela. Mume wako anamjua kaka yake, muulize yeye. Mwenye nyumba naye aulizwe mapema, wengine wanatoza au wanakataza wageni wa mchana.

Unaweza pia kubadili uelekeo kabisa. Barabara ya lami kutoka hapa kupitia Kondoa na Babati inawafikisha karibu na lango la Tarangire bila kupita kwa ndugu yeyote, na njiani, Kolo, kuna michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ila Desemba mvua zikiwa zimenyesha wanyama wa Tarangire hutawanyika, msimu wake mzuri ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Na kufika kwenye ile michoro ni kupanda mawe. Magoti ya mama yameshajibu.

Lolote mtakaloamua, tiketi za treni za wiki ya Krismasi hazisubiri maridhiano. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho, na cha mama kitafutwe sasa, si usiku wa kuamkia safari. Angalia pia mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari ya Dar hukupwa sana kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Mtawafikisha watoto mkute matope na mawe, na maji yako mbali. Siku hizo nendeni baada ya saa nane, maji yanapojaa. Wavae viatu vya mpira vinavyofungwa, kandambili zinachukuliwa na wimbi la kwanza. Wa miaka mitatu asiwe mbali kuliko mkono wako unavyofika, hata kwenye maji ya kifundoni.

Kuhusu mume wako, sidhani mlango umefungwa. Alisema "ni heri tusiende" baada ya kusikia nyumba ya kaka yake ikiitwa vyombo vya watu. Ukirudi kwenye mazungumzo, labda anza na kaka kabla ya Kigamboni: kwamba unajua alichowafanyia, na unataka aheshimiwe kwenye safari hii, kisha muulize yeye angependa heshima hiyo ionekane vipi. Halafu mweleze godoro la sebuleni lilivyokuwa kwako. Sina hakika kama aliwahi kulisikia kwa utulivu, maana yeye usiku ule alilala wapi hukuandika. Mkikubaliana lolote tofauti na Chanika yote, simu kwa shemeji ipigwe na yeye, kwa sauti, kabla ya senti kutoka. Si ujumbe kwenye kundi la familia.

Na mama mkwe aulizwe. Anakwenda kuona bahari, lakini anakwenda pia kwenye mji wa mwanawe wa kwanza, na huenda anataka kulala pale hata kwa magoti hayo, akae na wajukuu ambao hawaoni mara kwa mara. Akisema hivyo, ile nyumba ya vyumba viwili inawatosha nyinyi watano vizuri zaidi, na kile kiti cha chooni kinunuliwe hata hivyo. Dawa zake za presha zihesabiwe zizidi siku za safari kwa wiki moja, zikae kwenye mkoba wake wa mkononi pamoja na kadi ya kliniki na ya bima, si kwenye begi kubwa litakalobaki upande mwingine wa jiji.